Fleti ya Kifahari Mji Mkongwe: Uliza Kwanza Paa ni la Nani

Matangazo ya fleti zinazouzwa Mji Mkongwe wa Zanzibar siku hizi yanafanana utadhani yameandikwa na mkono mmoja. Fleti ya kifahari, ghorofa ya pili, Shangani au Kiponda. Vyumba viwili, kila kimoja na choo chake ndani. Dari la boriti za asili. Mlango wa kuchongwa. Roshani inayotazama bahari au, kama bahari haionekani, inayotazama mapaa ya mji. Jiko la kisasa, kiyoyozi kila chumba, intaneti, tangi la maji la akiba. Bei iko mstari wa mwisho, kwa dola, na pembeni yake maneno matatu ya kumtuliza mteja: mazungumzo yapo kidogo.

Mapaa ya mji yanasifiwa kwa uzuri wake. Paa la nyumba yenyewe halitajwi hata kwa bahati mbaya. Nani analimiliki, nani analiziba likivuja, nani atatoa fedha masika yakikaribia, hayo mnunuzi huyajua akishahamia. Na nyumba za Mji Mkongwe huanza kufa kutokea juu. Kuta zake zimestahimili zaidi ya karne moja ya mvua na chumvi pale ambapo paa lilitunzwa. Pale lilipoachwa, masika machache tu yametosha kuziangusha. Ndiyo maana nasema anayenunua ghorofa moja ndani ya jumba kongwe, hata likiwa limepambwa marumaru mpaka chooni, amenunua na fungu la paa, apende asipende.

Dalali wa mjini hawezi kukuanzia huko. Ni mtu wa maneno matamu na miguu myepesi. Atakupitisha Gizenga, akate kwenye kichochoro ambacho vespa na mkokoteni vikikutana mmoja lazima arudi nyuma, kisha asimame mbele ya mlango wenye misumari ya shaba na kukuacha uutazame kwa raha zako. Atakwambia misumari ile iliwekwa kuzuia tembo wasivunje mlango. Unguja haijawahi kusumbuliwa na tembo. Kisa hicho kimesafiri na mafundi kutoka Bara Hindi, na misumari ya Zanzibar ni ya pambo na ufahari. Lakini ukianza kubishana na dalali mlangoni hutafika juu, kwa hiyo mwitikie tu na mpande.

Ngazi zina giza na zimelika katikati. Ghorofa ya kwanza utapita mlango ulioachwa wazi, pazia linapepea, redio inasoma taarifa ya habari, na ndoo tatu za maji zimepangwa kwenye ukumbi. Wanaoishi hapo si sehemu ya biashara iliyokuleta, ila salamu ni lazima: hodi, shikamoo, hamjambo. Ghorofa ya pili mlango unafunguliwa kwa ufunguo mpya, na unaingia dunia nyingine. Kila kitu cheupe. Sakafu ya vigae vinavyong'aa, taa zimefichwa ukutani, kitanda cha Kizanzibari chenye nguzo, boriti zimepakwa rangi nyeusi zikatoka vizuri juu ya chokaa. Kwa kweli ni pazuri. Hapo ndipo mtu anayezijua nyumba hizi huacha kutazama kitanda, akainua macho kwenye kona ya dari, pale boriti ya mwisho inapozama ukutani. Akiona doa la rangi ya chai, lenye duara ndani ya duara, kila duara ni mvua yake. Dalali naye ameshaliona zamani. Ni la mwaka juzi hilo, atasema, limeshashughulikiwa.

Kushughulikiwa, mara nyingi, maana yake limepakwa rangi.

Ili kuelewa kwa nini doa dogo ni habari kubwa, inabidi kujua nyumba imejengwaje. Majumba mengi tunayoyaona leo ni ya karne ya 19, zama ambazo Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa ikaleta fedha za kujengea. Ukuta ni mawe ya matumbawe ya ukubwa wowote yaliyopatikana, yakashikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi. Chokaa yenyewe ilipikwa: matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa, yakamwagiwa maji, kisha yakaachwa yakae muda mrefu mpaka yalainike. Fundi wa chokaa hakuwa mtu wa haraka, wala ukuta wake haukukauka kwa haraka. Chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya hewa, na hata ikishakomaa inaendelea kupumua. Unyevu unaingia ukutani wakati wa mvua na unatoka wakati wa kiangazi. Nyumba nzima imejengwa juu ya makubaliano hayo.

Juu ya kuta zililazwa boriti, yaani miti ya mikoko, mingi ikitoka delta ya Rufiji. Boriti ni ngumu na mchwa hawaipendi, lakini haiwezi kubeba upana wa zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo iliyoamua umbo la vyumba vyetu: virefu, vyembamba, vinavyofuatana. Majahazi yaliyorudi kaskazini na upepo wa kusi yalibeba boriti hizohizo mpaka Ghuba, na ukiingia nyumba za zamani za Kuwait au Bahrain utakuta chumba chenye upana uleule. Mwenye nyumba wa huko na wa Shangani walipimiwa chumba na mti mmoja.

Baada ya boriti zikaja kokoto na chokaa, tabaka juu ya tabaka, na watu wakajipanga safu wakaitwanga kwa vigongo mpaka ikashikana. Hivyo ndivyo sakafu zilivyotengenezwa, na hivyo ndivyo mapaa ya mwanzo yalivyotengenezwa pia, bapa, ya kuanikia na kupungia upepo jioni. Mvua za ikweta hazikuyaonea huruma. Ndipo mabati yakaezekwa juu yake, na mji wa mapaa bapa ukageuka mji wa mabati yaliyopata kutu, ambayo leo mteja anauziwa kama mandhari.

Sasa fikiria kinachotokea mtu anapokarabati ghorofa moja tu kwa haraka ili iuzwe. Anamwita fundi wa saruji, kwa sababu ndiye anayepatikana, na saruji inauzwa kila duka la vifaa. Fundi anabandua chokaa na kupiga lipu ya saruji safi, iliyonyooka, ngumu. Unyevu uliokuwa ukitoka kwa njia yake unakuta mlango umefungwa. Unabaki ndani, unapanda, unasukuma chumvi, rangi inaanza kubambuka kwa chini, na mwenye fleti anasema rangi ilikuwa mbovu. Kibaya zaidi ni kile asichokiona: ncha za boriti zilizozama ndani ya ukuta ule zinakaa majimaji mwaka mzima, zinaoza. Boriti iliyooza nchani inaweza kuwa nzima na nzuri kabisa katikati ya chumba. Mkaguzi anayejua kazi yake hagongi katikati. Anachokonoa pale kwenye ncha, na bisibisi ikizama, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Halafu kuna matangi. Maji ya bomba hayana uhakika, kwa hiyo kila fleti inataka tangi lake juu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Fleti tatu, tani tatu, na zote zimekalishwa juu ya miti ya mikoko iliyolazwa pale kubeba watu waliopanda kupunga upepo. Ongeza mashine za viyoyozi, ongeza kibanda cha kulia chakula cha jioni kinachotazama machweo, ongeza sinki lake. Sijawahi kuona tangazo la fleti likitaja uzito.

Wapo wanaopenda kusema kwamba majumba haya yaliharibiwa na watu wa shamba walioingizwa humo baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Nimeisikia kauli hiyo kwenye baraza nyingi, na nadhani si haki. Baada ya Mapinduzi serikali ilitaifisha majumba mengi. Wenyewe wengi walikwishakimbilia Uarabuni, Mombasa, Uingereza, India. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja na jamaa zake likawa na kaya tano, sita au zaidi, kila moja na jiko lake la mkaa kwenye ukumbi. Kodi ilikuwa ndogo, isiyotosha hata chokaa ya ngazi. Mpangaji wa chini hakuwa na mamlaka juu ya paa. Wa juu, ambaye ndiye aliyelowa, hakuwa na fedha. Serikali, ambayo ndiyo mwenye nyumba, ilikuwa na macho yake kwingine: ng'ambo ya pili ya Darajani ilikuwa ikijenga Michenzani, yale mabloku marefu ya enzi za Karume yaliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Fleti, kwa Mzanzibari wa miaka ya 1970, maana yake ilikuwa ile ya Michenzani, ya umma, isiyouzwa. Mjini, mabati yalitoboka na hakuna aliyepanda juu.

Mwaka 1982 Umoja wa Mataifa ulisaidia kuhesabu majengo ya Mji Mkongwe na kuandika hali zake. Yalikuwa kama 1,700, na picha iliyotoka ilikuwa ya mji unaobomoka wenyewe bila vita wala tetemeko. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Miaka hiyohiyo biashara ikafunguliwa, serikali ikaanza kuwauzia watu binafsi baadhi ya majumba, na wageni wakaanza kuja na mabegi ya mgongoni. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukashirikiana na serikali kutengeneza mpango mkuu wa hifadhi wa 1994, ukalifufua jengo la Zahanati Kongwe pale Mizingani, lile la Tharia Topan lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi, na mwaka 1997 lile jengo la kampuni ya simu za nje Shangani likafunguliwa kuwa hoteli ya Serena. Desemba 2000 UNESCO ikauandika mji katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya, na wauza pweza na urojo wakarudi na taa.

Hoteli ndizo zilizouamsha mji, tusizinyime haki yake. Marehemu Emerson Skeens, Mmarekani aliyefika na kulowea, alionyesha kwamba jumba bovu la Hurumzi linaweza kuvutia watu kutoka pande zote za dunia kwa vitanda vyake vya zamani na chakula cha jioni juu ya paa. Wengine wakamfuata, wazuri kwa wabaya. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19, likawa sehemu ya Park Hyatt mwaka 2015, baada ya mvutano wa miaka na UNESCO kuhusu ukubwa wa jengo jipya lililobandikwa ubavuni mwake. Lakini hata wanaozilaumu hoteli hizi watakubali jambo moja: hoteli ina mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo analijua paa lake. Likivuja usiku, mgeni analalamika asubuhi, na mchana fundi yuko juu.

Hata hivyo, mwenyewe mmoja peke yake si kinga. Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, jengo la kwanza mjini kuwa na umeme na lifti, lilikuwa na mwenyewe mmoja, serikali. Lilianza kumeguka mwaka 2012, likafungwa, likawekewa viunzi, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati iliyofadhiliwa na Oman ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka. Watu wawili walikufa. Ikiwa jumba maarufu kuliko yote, lililosimama mbele ya macho ya kila kiongozi anayepita Forodhani, lilisubiri mpaka likaanguka, nyumba ya Kajificheni yenye wamiliki wanne wasiosemezana itangojewa na nani?

Na wamiliki wanne si wengi. Nyumba nyingi za mjini zimekwama kwenye mirathi. Babu alifariki, watoto wakarithi, nao wakafariki, na leo warithi wametapakaa Maskati, Dubai, Mombasa na London, baadhi hawajawahi kulala ndani ya nyumba hiyo. Mmoja anataka kuuza, mwingine anasema mama aliusia isiuzwe. Suluhisho linalokuja haraka ni kugawana ghorofa: wewe chukua juu, mimi nichukue chini. Wa juu anauza. Aliyenunua anatengeneza fleti ya kifahari. Paa halikutajwa kwenye mgawanyo, ngazi hazikutajwa, wala karo. Ndiyo hali ya miaka ya 1970 imerudi, safari hii ikiwa na vigae vya gharama.

Nyumba nyingine ni wakfu. Mtu aliiweka wakfu kwa ajili ya msikiti au kizazi chake, na wakfu kwa asili yake hauuzwi. Kinachoweza kupatikana ni upangaji, kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wapo waliolipa fedha nyingi wakidhani wamenunua, kumbe wamenunua kilemba cha mpangaji. Kwa hiyo kabla ya kupenda roshani, kwanza mtu ajue jumba hili ni la nani: la serikali, la wakfu, la warithi au la mtu mmoja mwenye hati. Sheha wa shehia huwa analijua jibu kabla ya wakili. Barua yake inahitajika, na kikombe cha kahawa pamoja naye kina faida kuliko kurasa kumi za tangazo.

Sheria nayo imebadilika. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia. Mgeni hupata ukodishaji wa muda maalumu. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Kondominiamu, inayoruhusu jengo kugawanywa katika sehemu binafsi na sehemu za pamoja, kila mwenye fleti akawa na hati yake. Ndiyo iliyowezesha miji mipya kama Fumba, kilomita chache kusini ya uwanja wa ndege, ambako fleti zinauzwa kwa Watanzania wa ughaibuni na wageni kabla hata hazijapigwa rangi. Bara wana sheria yao ya umiliki wa sehemu ya jengo tangu 2008, na Kenya waliandika yao upya mwaka 2020. Zote zina wazo moja: paa, ngazi, msingi, kuta za nje na mabomba makubwa ni vya wote, na wote lazima wawe na chombo kimoja cha kuvisimamia na mfuko mmoja wa kuvitengeneza.

Kwenye jengo jipya wazo hilo ni rahisi. Mjenzi anaandika kanuni kabla mnunuzi wa kwanza hajaingia, na kila anayenunua anasaini. Kwenye jumba la miaka 150 ambalo chini kuna duka la vinyago, ghorofa ya kwanza kuna bibi aliyepangishwa na serikali tangu enzi za Jumbe, na juu kuna mnunuzi wa Kiitaliano, nani atamsainisha nani? Bibi hawezi kuchangia mabati. Mwenye duka anasema mvua haijawahi kumfikia. Mtaliano anaziba sehemu iliyo juu ya kitanda chake, maji yanahamia kwa jirani.

Kama mtu anadhani hizi ni shida za maskini, aangalie Marekani. Jengo la Champlain Towers South, pale Surfside karibu na Miami, lilikuwa la ghorofa 12, fleti za watu wenye uwezo, baharini kabisa, lenye chama cha wamiliki kilichosajiliwa na vikao vya kila mara. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia kwamba maji yanatuama kwenye eneo la bwawa la kuogelea, yanapenya na kula zege ya chini. Gharama ilikuwa mamilioni ya dola. Wamiliki walibishana, wajumbe wakajiuzulu, mchango ukacheleweshwa. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 sehemu ya jengo ilianguka na watu 98 wakapoteza maisha. Hapo palikuwa na sheria, chama na ripoti ya mhandisi mkononi. Mjini kwetu, mara nyingi, hata kikao cha kwanza hakijaitishwa.

Lipo pia jambo la watu, ambalo matangazo hulipita kwa sentensi moja: mtaa wa asili wenye uhai. Uhai huo una wenyewe. Ni wazee wa kahawa pale Jaws Corner na bao lao, ni mwalimu wa chuo anayesikika akiwasomesha watoto alasiri, ni mama anayeuza mandazi mlangoni. Fleti nyingi zinazonunuliwa haziishi mtu. Zinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja kupitia mitandao, na ufunguo unaachwa kwenye kisanduku chenye namba. Anayeingia leo hamjui wa jana. Kodi ya nyumba ya jirani inapanda kwa sababu mwenye nyumba naye amesikia habari za dola. Kijana wa Kiponda akioa anahamia Kwarara au Tomondo, anakuja mjini kwa daladala kufanya kazi kwenye jumba alilozaliwa.

Simlaumu mtu kwa kuuza. Aliyerithi nyumba inayovuja, hana fedha, na kila masika anahamisha vitanda kutoka kona hadi kona, akipata mnunuzi anayemlipa vizuri amepata faraja, na fedha za wanunuzi zimeokoa majumba ambayo sasa yangekuwa viwanja vya kuegesha magari. Tofauti nimeiona kati ya mnunuzi anayechukua jumba zima, akatafuta fundi wa chokaa, akavumilia kibali cha Mamlaka na kumaliza kazi baada ya miaka, na yule anayechukua ghorofa moja, akaifunika saruji na vigae na kuiuza tena kabla ya vuli. Wa kwanza amelitengeneza jumba. Wa pili ameficha ugonjwa na kumkabidhi mwingine ufunguo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa una akiba yako na moyo umeshaupenda Mji Mkongwe, usiende kuiona fleti wakati wa kiangazi. Nenda Aprili, siku ambayo mvua haijakatika tangu alfajiri. Panda moja kwa moja mpaka juu kabla ya kuingia ndani, hesabu matangi, tazama mabati, uliza maji ya mvua yanamwagikia wapi na kwa nani. Mwombe dalali kibali cha Mamlaka cha ukarabati uliofanyika, kwa sababu mjini hairuhusiwi kugusa hata dirisha bila kibali, na jengo lenye daraja la hifadhi lina masharti yake. Ukishamaliza juu, teremka ukabishe hodi ghorofa ya chini. Waliopo pale wataishi na wewe, watakwambia mengi kwa dakika kumi, na ukiwasikiliza utajua kama wako tayari kukaa kikao kimoja nawe au la.

Na kwa Mamlaka na Kamisheni ya Ardhi, ombi langu ni fupi. Sheria ya 2010 isiachiwe Fumba peke yake. Ghorofa yoyote ya jumba kongwe inayobadilisha mkono isisajiliwe mpaka iwepo hati moja iliyosainiwa na kila mwenye sehemu, ikisema paa ni la wote, mchango ni kiasi gani kwa mwaka, na anayeshindwa kulipa, kama yule bibi wa ghorofa ya kwanza, serikali iliyompangisha itamlipia fungu lake. Hati hiyo ikikosekana, mnunuzi asitoe arubuni.